Kivumbasi cha bibi, na asubuhi moja kando ya Mto Zigi

Nimerudi Muheza mwezi uliopita, baada ya miaka 13 Hamburg. Machungwa bado yanapangwa mafungu kando ya barabara, na mama bado ananiita jina la utotoni mbele za watu. Lakini swali nililoulizwa kila nyumba niliyokwenda kusalimia ni hili: "Amani umeshapanda?" Sikuwahi. Nilikulia chini ya ile milima, si zaidi ya kilomita 40, nikaondoka bila kuujua msitu wa hifadhi ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, ambao watu wanasafiri nusu ya dunia kuja kuuona.

Jumamosi nikachukua bodaboda mpaka Zigi. Pale kwenye lango la hifadhi ipo nyumba ya zamani ya stesheni, kutoka enzi za reli ndogo ya Wajerumani, na siku hizi ndipo wageni wanapojiandikisha. Tulikuwa watu sita. Mwongozaji wetu ni mzee wa kijiji cha jirani, mwembamba, ana fimbo tu mkononi, hana panga. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni wa nani, nilipomtajia babu yangu akahamia lugha yetu ya Kibondei moja kwa moja. Nilimwelewa neno kwa neno, lakini majibu yalinitoka kwa Kiswahili. Hilo liliniuma, na bado linaniuma.

"Humu hifadhini hatukati hata jani," alituambia kabla hatujaanza. "Angalieni, nuseni, ulizeni. Ya kuchuma nitawaonyesha tukishatoka, upande wa kijiji."

Tukaufuata mto. Zigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, na maji ya Mabayani ndiyo yanayonywewa Tanga mjini. Nimesoma Tanga miaka minne, nimeyanywa maji haya kila siku, na sikuwahi kuyaona yakipita baridi kati ya mawe namna ile.

Tulipotoka upande wa kijiji, akatusimamisha kwanza chini ya mwegea. Matunda yake yananing'inia kama michi iliyofungwa kamba. Wengi wanayasaga kupaka kwenye ngozi yenye vidonda, lakini tunda bichi halilambwi, ni sumu. Mzee alilirudia hilo mara tatu, huku akimwangalia kijana mmoja aliyekuwa ameshika kipande. Ndulele naye tulimpita haraka: mzizi kwa jino linalouma, vitunda vya njano mbali na watoto.

Kwenye mjafari ndipo tulipokaa. Ni mti usio na sura ya kumvuta mtu, una miiba mikubwa kwenye shina, kila mwiba umeota juu ya kinundu kama chuchu. Akachuma jani, akalivunja chini ya pua yangu. Harufu kama ya ganda la limau. Kisha akabandua kibanzi cha gome kisichozidi ukucha, akaniambia nitafune. Uchungu ulitangulia, halafu ulimi ukaanza kuchomachoma na kufa ganzi, na nikajikuta nina miaka minane, nimekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba ya bibi, bibi amenishika kidevu na kusema meza, mwanangu, meza. Ladha ile nimeijua maisha yangu yote. Jina la mti nimelijua Jumamosi.

Hatua chache mbele palikuwa na mjafari mwingine, umekauka. Gome lilikuwa limebanduliwa kuuzunguka mti mzima, kutoka magotini mpaka kifuani. Mzee akaweka kiganja pale penye kidonda, akanyamaza kidogo. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kwa kupitia gome, alieleza. Ukilikata pande zote umeifungia mizizi njaa, mti hauna tena njia ya kupona. Yeye huchukua upande mmoja tu, upana wa vidole vinne, anapaka udongo, na mti huo haugusi tena mpaka kovu lizibe. Aliyeuvua huu, alisema, alikuja na gunia. Dawa ya gunia inakwenda sokoni mjini, na anayeivuna hana haja ya kurudi kwenye mti uleule.

Nikamuuliza kuhusu degedege. Mdogo wangu aliwahi kushikwa, usiku, nilikuwa darasa la tano. Alikakamaa, macho yakageuka, na nyumba nzima ikaanza kutafuta majani. Baba ndiye aliyemfunga mgongoni kwa kitenge akapanda baiskeli mpaka hospitali. Ilikuwa malaria kali. Amepona, leo ana watoto wawili. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nikimwona mtoto amekakamaa sichumi kitu," alisema. "Naita bodaboda."

Hilo ndilo lililonifanya nimwamini kwa yote mengine. Mkoa wetu si mgeni kwa jambo hili. Miaka ya 1990 waganga wa kienyeji wa Tanga walifanya kazi bega kwa bega na madaktari wa hospitali ya Bombo kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI, kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika. Na huko juu Amani, Wajerumani waliofungua taasisi yao ya utafiti mwaka 1902 walipanda mikwinini kutoka Amerika Kusini. Vita Kuu ya Kwanza ilipowafungia bahari, dawa ya malaria ya askari wao ilitengenezwa kwa magome ya miti ileile. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema gome la mti ni mambo ya kishamba, namsikitikia.

Hamburg, kwenye madirisha ya wazee, nilizoea kuona kiua cha zambarau kwenye kikopo. Wenyewe wanakiita Usambaraveilchen. Ofisa wao aliyekuwa Tanga ndiye aliyekipeleka kwao mwaka 1892, na jina la milima yetu limebaki nacho. Wanajua kinataka maji kiasi gani na mwanga wa upande upi. Nami nataka kuujua mjafari hivyo.

Mwisho wa njia, kwenye ua wa nyumba yake, mzee alinipa tawi la kivumbasi. La kujifukizia ukiwa na mafua, au la kutundika mlangoni mbu wanapozidi. Nikalitia mfuko wa shati.

Nilipofika nyumbani mama alilinusa kabla hajaliona. Akasimama na mwiko mkononi. "Umepita nyuma kwa bibi yako?" Nikamwambia hapana, nimetoka Zigi. Akasema bibi alikuwa na kivumbasi chake nyuma ya bafu la makuti, na tangu azikwe mwaka 2016, mimi nikiwa huko mbali, hakuna aliyekipanda wala kukimwagilia.

Tukaenda na tochi ya simu. Bafu limeshaanguka. Kivumbasi kimejiotea chenyewe kwenye kifusi chote, kimefika kiunoni.