Usiku wa Kujichagulia

"Habari gani?" mjukuu wa mama mwenye nyumba wangu aliniuliza, mtoto wa miaka minane hivi, kasimama wima mlangoni mwa sebule kama askari wa gwaride.

"Nzuri," nikajibu. Ningejibu nini kingine?

Watoto wote wakaangua kicheko. "Siyo nzuri! Leo unajibu Kujichagulia!"

Hivyo ndivyo nilivyofeli Kiswahili, mimi mzaliwa wa Ilala, usiku wa tarehe 27 Desemba 2011, ndani ya nyumba ya matofali mekundu mjini Baltimore.

Nilikuwa nimepanga chumba cha juu kwa mama huyo tangu mwezi wa nane. Mchana nasoma, usiku nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Wenzake wa kanisani walimwita Sista. Mimi nilimwita Mama, maana ulimi wangu uligoma kumtaja kwa jina mtu anayelingana na mama yangu mzazi. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa miaka 63, dereva mstaafu wa basi la jiji, na mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu. Nyumba za mtaa ule zimeshikana kuta kwa kuta, na kila mlango una ngazi za marumaru nyeupe. Jumamosi, kama baridi haijazidi, alipiga magoti akazisugua ngazi zake tatu mpaka zinang'aa. Siku moja nikashika brashi nimsaidie. Akaninyang'anya. "Wewe lipa kodi tu, binti. Ngazi ni zangu."

Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi, nilikuwa naisikia juu juu: kwamba mwanaharakati Maulana Karenga aliianzisha California mwaka 1966, siku saba kuanzia tarehe 26 Desemba, kila siku ina nguzo yake, na nguzo zote ni maneno ya Kiswahili. Kuiona ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mezani palitandikwa mkeka, juu yake kinara cha mishumaa saba na mahindi, hindi moja kwa kila mtoto. Pembeni chakula: kunde, macaroni ya jibini, mkate wa mahindi, na mboga za majani zilizopikwa pamoja na bata mzinga wa moshi mpaka zikasalimu amri. Siku ya pili ni ya Kujichagulia. Wao huieleza kuwa ni watu kujiamulia mambo yao, kujiita jina lao wenyewe, kujisemea. Mama akawasha mshumaa mwekundu, akanigeukia: "Hebu tuambie wewe mwenye lugha. Kwenu neno hili lina maana gani?"

Nikaona haya. Kwangu mimi neno hilo linanuka mitumba. Ni sokoni Karume, robota limefunguliwa sasa hivi, kijana kapanda juu ya meza anapiga makofi: jichagulie dada, jichagulie! Nikawaeleza hivyo hivyo, na lundo la nguo, na namna unavyokagua kwapa la blauzi kabla hujauliza bei. Nilidhani nimeharibu shughuli ya watu. Mama alicheka mpaka akashika ukingo wa meza.

"Basi ndilo lenyewe," akasema. "Ila hujichagulii kitu kama pochi kashika mtu mwingine."

Ndipo akasimulia. Wajukuu walikuwa wameshaisikia, nadhani, maana walikuwa wanachokoana chini ya meza. Aliolewa ana miaka 19. Alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, na kila Ijumaa mumewe alimsubiri getini kupokea bahasha ya mshahara. Akiomba nauli anaulizwa ya jana kaifanyia nini. Mwaka 1973, usiku, aliondoka na watoto wawili waliovalishwa makoti juu ya nguo za kulalia. Wakalala sakafuni kwa shangazi yake. Alipopata chumba akaenda duka kubwa kukopa friji. Karani akaangalia fomu, akamwambia alete saini ya mume.

"Saini ya nani?" Mama aliigiza ile sauti yake ya ujana, na hapo hata wajukuu walitulia.

Sheria ya kukataza wakopeshaji kumbagua mtu kwa jinsia yake au kwa kuwa hana mume ilipitishwa mwaka 1974. Majira ya baridi ya kabla yake, maziwa ya watoto aliyaweka nje ya dirisha.

Udereva aliupata mwaka 1978, baada ya kufeli mtihani mara mbili. Kilichomshinda ni kurudi nyuma. Mwaka 1981 akanunua nyumba hii, wakati riba ya mikopo ya nyumba Marekani nzima imepita asilimia 16, na wenye akili zao wamekaa pembeni wanasubiri ishuke. Benki ya kwanza ilimkataa. Mtaa wenyewe, kama mitaa mingi ya Weusi, ulikuwa umepakwa rangi nyekundu kwenye ramani za mikopo za miaka ya 1930, yaani ni hatari kukopesha hapo, na sheria ya mwaka 1968 ya kukataza ubaguzi wa makazi haikuifuta rangi hiyo vichwani mwa maofisa. Benki ya pili ikakubali. Riba iliposhuka alibadilisha mkopo, ila hakukubali kuongezewa hata mwezi mmoja. Miaka 30 ni 30.

Malipo ya mwisho aliyafanya Novemba ile. Sasa akatoa karatasi ya mkopo, imegongwa muhuri kwamba deni limekwisha, akaichoma kwa ule mshumaa mwekundu na kuitupia kwenye sufuria. Kumbe karatasi ilikuwa nzito. Ilitoa moshi kuliko moto. King'ora cha dari kikalia, watoto wakapiga kelele, mimi juu ya kiti napepea taulo, yeye amesimama palepale anaimba wimbo wa kanisani bila haraka. Usidhani alichoma halisi. Alichoma nakala. Halisi iko ndani ya friza, chini ya mfuko wa mabawa ya kuku, kwa sababu aliamini nyumba ikishika moto friza ndiyo ya mwisho kuungua.

Baadaye, tunaosha vyombo, nikaona nami nijisifu kidogo. Nikamwambia nina nyumba inajengwa nyumbani, Mbagala, miaka miwili sasa natuma hela kwa kaka yangu, wamefika kwenye lenta.

"Umeiona?"

"Kwenye picha."

Akasuuza sahani, akaipanga. "Hati ina jina la nani?"

Nikasema bila shaka langu. Hakunibishia. Alinipa sahani nyingine niikaushe, na nyingine, na nadhani niliikausha ile moja kwa dakika tano nzima.

Saa tano usiku nikapanda chumbani nikapiga simu. Dar ilikuwa saa moja asubuhi, nikasikia jogoo na redio nyuma yake.

"Shikamoo kaka. Eti hati ya kiwanja imeandikwa jina la nani?"

Redio ikazimwa.

"Marahaba," akasema. "Huko si ni usiku, mdogo wangu? Mbona hujalala?"