Nilivyowajengea sungura wetu kibanda cha kuhimili joto la Malindi

Sungura hatoki jasho. Joto la mwili wake hulitoa zaidi kwa masikio, kwa hiyo hewa ikituama tu, anateseka. Anastarehe kwenye nyuzi 16 hadi 22 hivi za selsiasi. Zikipita 30 yumo hatarini. Na hapa Malindi mwezi wa Machi, kaskazi ikilegea na masika hayajaingia, nyuzi 30 ni za kawaida. Ndiyo sababu mwanangu alipopewa sungura wawili na mjomba wake, wote majike wa tumbo moja, kabla ya kununua mbao nilitaka kujua upepo unapita wapi uani kwetu.

Fundi wetu ni mzee wa mtaani aliyewahi kuvua. Alisimama chini ya mwarobaini akatazama huku na huku, kisha akaniambia, "Mwanangu, upande wa kusi ziba kwa mbao, mvua itapigia huko. Wa kaskazi weka wavu mtupu, wapate upepo miezi ya joto." Nikamwambia, "Haya mzee wangu, wewe ndiye unayejua." Ndivyo kilivyojengwa. Paa tuliezeka makuti, tukayashusha yapite ukuta ili jua la alasiri lisiingie. Mabati yangewaoka.

Kibanda kimeinuliwa futi 3, na kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye maji na oili chafu kidogo. Siafu si wa kuchezewa: wakiingia usiku hawabakishi mtoto wa sungura. Wavu wa kuku niliukataa, mbwa huuchana. Nilichukua ule mgumu wa kuchomelewa, wenye matundu madogo, nguchiro asipitishe kichwa.

Sakafu ndiyo niliyoifikiria sana. Nyayo za sungura ni manyoya tu, hazina nyama ngumu kama za paka, na akikaa juu ya waya mchana kutwa hutoka vidonda. Kwa hiyo nusu ni wavu, kinyesi kidondoke, na nusu ni ubao uliotandikwa majani makavu. Hayo majani nayabadilisha mara kwa mara, maana harufu kali ya mkojo huwaharibia kifua.

Adhuhuri za joto naweka chupa ya maji yaliyoganda, nimeizungushia kipande cha kanga. Yule wa kahawia hujinyoosha ubavuni mwake, akalilaza sikio moja juu ya kanga, macho nusu wazi. Nikiona anahema haraka na pua imelowa, namsogeza penye hewa na kumpangusa masikio kwa maji ya baridi kidogo. Kumtumbukiza kwenye ndoo kunaweza kumuua kwa mshtuko.

Chakula chao kikubwa ni nyasi kavu, kwa sababu meno yao hayaachi kukua na lazima yasagike. Naongeza mchicha na majani ya viazi vitamu yaliyonyauka kivulini. Kabeji nyingi huwajaza gesi. Mwanangu alishtuka kumwona mmoja akila kinyesi chake laini. Nikamweleza aache, ndivyo sungura anavyopata virutubisho vilivyobaki.

Sasa jirani anataka kutuletea dume. Jike hubeba mimba siku 31 hivi, na anaweza kushika nyingine mara tu akizaa, basi nimemjibu asubiri. Fundi atuongezee chumba cha pili kwanza, chenye mlango wake.