Korosho ilipoachana na bibo

Nachapa fulana Chikongola, hapa Mtwara mjini. Mwanzoni nilikuwa wa rangi moja tu. Kisha akina mama wabanguaji wakaniletea oda ya fulana 40: bibo jekundu, korosho ya kahawia, jani la kijani. Nikakubali. Nilipotoa ya kwanza, mwenyekiti wao akaiinua juani. "Mwanangu, mbona korosho imeachana na bibo?" Kweli, katikati palikuwa na ufa mweupe, upana wa njiti ya kiberiti.

Aliyenifumbua macho ni Louis Prang, mchapaji wa picha wa zamani, mzaliwa wa Breslau (leo Wrocław, Poland) aliyehamia Marekani mwaka 1850. Mwaka 1860 karakana yake ya Boston ikawa L. Prang & Co., kampuni iliyokuja kueneza kadi za Krismasi Marekani. Kadi zake ni nzuri, ila mimi nilivutwa na mawe ya kuchapia. Mafundi wake walichora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, wakalilowesha, wakapitisha wino wa mafuta: penye mchoro unashika, penye maji unateleza. Ufundi huo aliuvumbua Alois Senefelder, Mjerumani, mwaka 1796. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na picha moja iliweza kupita kwenye mawe zaidi ya 20. Walizilazaje zote mahali pamoja?

Kumbe walianza na jiwe la mistari mitupu. Chapa yake ilihamishiwa kwenye mawe mengine yote, kila rangi ikafuata mpaka uleule. Hapo nikaliona kosa langu: bibo nilichora karatasi hii, korosho karatasi ile, kwa kukadiria macho.

Nikachora upya mistari mara moja tu, na msalaba mdogo wa kulinganishia kila pembe. Juu yake nikalaza plastiki tatu zinazoonyesha chini, moja kwa kila rangi. Mezani nikagongomelea vibao vya kuzuia ili kila fremu ya kuchapia rangi ikae palepale, na fulana nikaigandisha kwa gundi isihame. Jekundu nikalitanguliza, nikaliacha lipenye kidogo chini ya kahawia. Hili la mwisho ndilo lililouziba ufa, na mwenye kuanza kazi hii asilisahau.

Fulana 6 zilizoharibika nililipa mwenyewe. Mama mwenyekiti alipokuja, alipitisha kidole pale korosho inaposhika bibo, akarudia, kisha akaanza kuhesabu mzigo wake.