Karatasi yangu ya maneno 24 iliponiangusha, na nilivyoiandika upya

Nianze na kilichonitokea, ndo mtaelewa kwa nini siku hizi mtu mwenye waleti ya kripto, yani programu ya kutunzia sarafu za kidijitali, akiniambia "mi nishaandika maneno yangu, niko poa" namuuliza hapohapo, umeshawahi kuyajaribu?

Simu yangu ilizima ikagoma kuwaka. Waleti ya kripto ilikuwa humo ila sikuogopa, maana maneno 24, yale programu inayokupa mwanzoni ili uweze kuirudisha waleti kwenye simu nyingine, nilikuwa nimeyaandika tangu siku ya kwanza, nikakunja karatasi nikaitia kwenye mfuko wa nailoni kabatini. Nikachukua simu nyingine nikaweka programu ileile, nikaingiza neno moja moja mpaka la mwisho, programu ikakataa, ikasema maneno si sahihi. Nikarudia, ikakataa. Nilikaa chini sakafuni nikaimulika ile karatasi kwa tochi, mikono inatetemeka. Wino wa jeli ulikuwa umeingia unyevu pale kwenye mkunjo, na neno la 17 nililokuwa nalisoma "wool" kumbe niliandika "wood", tumbo la ile d limefutika limebaki kijiti tu, ukiiangalia unaona l. Na maneno yote mawili yamo kwenye orodha ya maneno yanayokubalika, ndo maana programu iliyapokea bila shida halafu ikaja kukataa jumla yake.

Nilipoweka "wood" ikafunguka, nikamshukuru Mungu, kisha nikakaa kusoma vizuri hii kitu inavyofanya kazi. Utaratibu wa haya maneno unaitwa BIP39, ni wa mwaka 2013, orodha ina maneno 2048 na herufi nne za mwanzo zinatosha kulitofautisha neno na mengine yote. Ukiwa na maneno 24, lile la mwisho limebeba biti 8 (zile sifuri na moja za kompyuta) za kuhakiki maneno yote, kwa hiyo ukikosea neno moja uwezekano wa kosa kupita bila kukamatwa ni 1 kati ya 256. Kwa maneno 12 biti za kuhakiki ni 4 tu, yani 1 kati ya 16 inapita, inakufungulia waleti tupu kabisa na wewe unadhani umeibiwa. Hii sikuwa naijua na naona wengi hatuijui.

Nikaamua kutengeneza waleti mpya kabisa nihamishie kila kitu, maana yale ya zamani nilishayaingiza kwenye simu ambayo si yangu. Kuprinti nilikataa mapema, printa nyingi zina memori ndani na zimeunganishwa na wai-fai, na kupiga picha ndo usithubutu, simu inaweza kupandisha picha klaudi (hifadhi ya mtandaoni) yenyewe bila kukuuliza. Nikaandika kwa mkono. Penseli, sio wino, kwa sababu penseli maji hayaiyeyushi, herufi kubwa tupu, kila neno na namba yake, karatasi nene isiyo na mistari. Na jambo moja ambalo nililishtukia katikati ya kazi: nilikuwa naandikia juu ya daftari, nikainua karatasi nikalaza tochi pembeni, nikaona maneno yote yamejichora kwenye ukurasa wa chini, yanasomeka vizuri tu. Nilizichoma kurasa tano za lile daftari, nikaanza upya juu ya meza ngumu.

Kilichonichukua muda ni swali la kuweka wapi. Karatasi moja yenye maneno yote ni hatari, akiikuta mtu kwishnei, ikiungua kwishnei. Kuyagawa nusu kwa nusu kwenye karatasi mbili nako ni kubaya zaidi kwa maoni yangu, ukipoteza nusu moja umepoteza vyote. Nikaenda na karatasi tatu: ya kwanza ina neno la 1 hadi 16, ya pili 9 hadi 24, ya tatu 1 hadi 8 na 17 hadi 24. Karatasi zozote mbili zinatosha, moja peke yake inakosa maneno 8, na kuyabahatisha hayo ni kama kujaribu mbili mara mbili mara mbili mpaka mara 80, hakuna kompyuta ya kumaliza hiyo. Ila sikiliza hapa, usifanye hivi kwa maneno 12! Hapo kila karatasi inakosa manne tu, baada ya kuhakiki inabaki kama trilioni moja ya majaribio na hiyo mtu mwenye mashine nzuri anaifikia. Nilifikiria pia kuongeza paswadi ya ziada juu ya maneno, nikaacha, kwa sababu ile haina uhakiki wowote, ukikosea herufi moja inakufungulia waleti nyingine tupu na haikwambii kitu.

Kabla sijahamisha hela nikajaribu. Nikatuma kiasi kidogo, nikaandika pembeni anwani ya kwanza ya kupokelea, nikafuta waleti yote, nikairudisha kwa karatasi ya pili na ya tatu tu. Anwani ikatoka ileile. Nikairudisha tena kwa ya kwanza na ya pili, halafu ya kwanza na ya tatu.

Halafu nikawaza, mimi nisipokuwepo je? Nikatengeneza maneno mengine ya mazoezi yasiyo na hela, nikagawa karatasi vilevile, nikampa mdogo wangu mbili pamoja na kikaratasi cha maelezo. Baada ya muda akaniita, "Kaka, hapa namba 8 inafuata 17, nimeruka nini?" Nikaona kweli, kwenye maelezo sikuandika kwamba maneno yako 24 na kwamba karatasi ziko tatu. Tena sikuwa nimetaja ni sarafu gani wala aina ya programu ya kutumia. Nikayaandika upya mbele yake, nikaongeza na kwamba hakuna paswadi ya ziada ili asije akahangaika kuitafuta. Nikampa tena karatasi mbili tofauti na zile za mwanzo nikatoka chumbani. Niliporudi alikuwa ameshika simu, anailinganisha anwani na ile niliyoandika, herufi kwa herufi, kidole kiko kwenye skrini.