Meseji zilizokaa kwenye simu ya kaka

Aprili 2014, masika ikiwa imechachamaa, nilishuka kutoka Moshi mjini kwenda Kahe kumjulia hali wifi yangu, mjamzito wa miezi minane. Kaka alikuwa ametoka na trekta tangu alfajiri, simu kaiacha ndani inachaji kwenye sola. Nyumba nzima simu ilikuwa ni hiyo moja.

Yangu ilikuwa imezima, nikachukua ile nipige mjini. Nikakuta meseji zimepangana kutoka namba 15001, hata moja haijafunguliwa. Ilikuwa huduma ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza mwishoni mwa 2012: ulikuwa unatuma neno MTOTO bila malipo, kisha unaletewa ushauri kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba. Kaka alijiandikisha siku aliyomsindikiza mkewe kliniki, kwa nia njema kabisa. Lakini simu ilishinda mfukoni mwake, mashambani.

Nikamsomea wifi kwa sauti, yeye akichambua maharage. Nilipofika kwenye dalili za hatari, kichwa kuuma sana, kuona maluweluwe, uso na mikono kuvimba, ungo ukatulia mapajani.

"Wifi, hayo si ndiyo yangu?"

Siku ya tatu ile alikuwa akimeza Panadol na kunyamaza. Nikamtazama vizuri: pete ilikuwa imezama kidoleni. Nikambonyeza kwenye ugoko, pakabaki shimo.

Nyuma ya kadi ya kliniki nesi wa zahanati alikuwa ameandika namba yake mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha, na mpaka leo namwombea. Nilipompigia, hakuuliza mimi ni nani. Aliuliza macho, kichwa, mtoto anacheza? Kisha akasema, "Mleteni sasa hivi. Bodaboda hapana, tafuteni gari."

Jirani alikuwa na pikapu, mafuta hana. Mama akatuma shilingi 30,000 kwa M-Pesa, wakala wa pale dukani akatutolea, tukaondoka. Udongo mweusi wa Kahe ukishanyeshewa unashika kama gundi. Tulinasa mara mbili, vijana wakasukuma, wifi kajilaza ubavu, kafumba macho.

Pale zahanati presha ilisoma 170 kwa 110. Nesi akamchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, na wakati tunampandisha tena garini alikuwa tayari anaongea na wenzake wa Mawenzi, hospitali ya mkoa pale Moshi mjini. Tulipofika, machela ilikuwa inatusubiri mlangoni. Usiku uleule akapasuliwa, akapatikana binti wa kilo 2 na gramu 100.

Kaka alifika kunakucha, matope hadi magotini. Nikamkabidhi simu yake. Alikaa kwenye benchi la nje akizisoma zile meseji moja baada ya nyingine, kuanzia ya kwanza, na sikumsemesha.

Kabla mwezi haujaisha alimnunulia mkewe simu ya kitochi. Wifi, mtoto kamweka begani, akaniomba nimwonyeshe mahali pa kuandika, akatuma MTOTO kwenda 15001.