Siku Moja Maishani Mwangu: Jumamosi ya Wakanda katika Chumba cha Projekta

Kazi yangu ni kuendesha mitambo katika jumba la sinema lenye kumbi tatu jijini Nairobi. Siku ninayoisimulia ni Jumamosi, tarehe 17 Februari 2018, wikendi ya kwanza ya Black Panther, filamu ya Marekani kuhusu T'Challa, mfalme wa Wakanda, nchi ya kubuniwa barani Afrika. Nimeichagua kwa sababu magazeti yaliandika sana kuhusu mamilioni ya dola yaliyoingizwa na filamu ile, lakini sikusoma popote namna pesa hizo zinavyokusanywa, tiketi moja baada ya nyingine, wala akina nani wanaozitoa mfukoni.

Saa mbili asubuhi

Jengo la maduka linakuwa bado limefungwa, hivyo tunaingia kwa mlango wa nyuma unaotumiwa kupokelea mizigo. Nawasha mitambo ya kumbi zote na kuangalia orodha ya maonyesho. Filamu siku hizi haiji ikiwa imeviringishwa kwenye mikanda. Inaletwa ndani ya diski, nayo diski hiyo haifai kitu bila ufunguo wake wa kidijitali. Ufunguo hutumwa na msambazaji kwa barua pepe, hutengenezwa kwa ajili ya seva moja tu, yaani kompyuta ya ukumbi mmoja inayohifadhi filamu, tena una saa yake ya kuanza na saa yake ya kwisha. Ufunguo wa Ukumbi wa Kwanza hauwezi kufungua filamu hiyo hiyo katika Ukumbi wa Tatu, hata kama kumbi hizo zimetenganishwa na ukuta mmoja.

Nalieleza jambo hili mapema kwa kuwa ndilo lililoitawala siku yetu. Tulikuwa na funguo za kumbi mbili. Ukumbi wa Tatu, ambao ndio mdogo kuliko yote, ulikuwa umepewa filamu ya mapenzi iliyoletwa kwa ajili ya Siku ya Wapendanao, na kufikia Jumamosi wapendanao walikuwa wamekwisha kupendana, kwa maana viti vilikuwa vitupu. Meneja alikuja ofisini kwangu kabla hajavua koti, akaniambia kwamba tiketi zote za onyesho la saa moja na nusu usiku zimeuzwa katika kumbi zote mbili. Akaniuliza kama naweza kuiweka filamu katika Ukumbi wa Tatu jioni hiyo. Nilimjibu kwamba kunakili data kwenye seva naweza kuanza papo hapo, maana hilo halihitaji ufunguo na huchukua zaidi ya saa moja, lakini ufunguo wenyewe ni lazima auombe kwa msambazaji, tena siku ya Jumamosi. Akaenda kuandika barua pepe. Nikaanza kunakili.

Saa tatu na nusu

Kila asubuhi napima sauti na picha kabla ya mtazamaji yeyote kuingia. Kwa filamu hii nilikuwa nikitumia sehemu ambapo ndege ya T'Challa inaingia Wakanda kwa mara ya kwanza, kwa sababu pale mna mambo mawili ninayoyahitaji: mwanga mkali wa mchana wenye rangi nyingi, na ngoma zinazotikisa spika za chini wakati sauti ya mtu inapaa juu yake. Sauti hiyo ni ya Baaba Maal wa Senegal, ambaye mtunzi wa muziki wa filamu, Ludwig Göransson, alisafiri naye nchini humo alipokuwa akitafuta sauti za kutumia. Baadaye muziki ule ulipata tuzo ya Oscar, na mavazi ya Ruth E. Carter na usanifu wa mandhari wa Hannah Beachler vikapata pia. Mimi sikuhitaji kungoja Oscar. Ukikaa peke yako katikati ya ukumbi mtupu asubuhi na ngoma zile zikaanza, unajua kwamba kuna mtu aliyefanya kazi yake bila kulipua.

Saa nne na nusu

Onyesho la kwanza la Jumamosi ni la familia. Watoto walikuja wakiwa wamevaa barakoa nyeusi za plastiki zinazouzwa barabarani, nyingine zikiwa za popo na si za chui, na hakuna aliyejali. Katika majumba ya sinema ya Kenya wimbo wa taifa hupigwa kabla ya filamu, na watu wote husimama. Kupitia kidirisha changu nilimwona mvulana mdogo katika safu ya nyuma akisimama wima, kisha akaikunja mikono yake kifuani kama wafanyavyo watu wa Wakanda wanaposalimiana. Bibi yake aliishusha mikono ile polepole, wa kushoto kisha wa kulia. Wimbo ulipokwisha akamwinamia na kumwambia jambo, na papo hapo mtoto akaikunja tena, safari hii bibi mwenyewe akiwa amekunja ya kwake.

Ni jambo la ajabu kidogo kwamba mtu wa mitambo ndiye mtu ambaye haioni filamu. Naiona vipande vipande, kila mara vile vile, kulingana na saa ambazo nalazimika kuchungulia. Pigano la kwenye maporomoko ya maji nalijua kwa kichwa. Mazungumzo mengi ya katikati niliyasikia kwa mara ya kwanza wiki nyingine kabisa, siku yangu ya mapumziko, nilipolipa kama watu wengine.

Saa saba mchana

Foleni ya onyesho la saa saba na nusu ilitoka mbele ya dirisha la tiketi, ikapita kaunta ya bisi, ikashuka hadi nusu ya ngazi. Nilishuka kumsaidia mlinzi kuipanga, na ndipo nilipoukuta ule ubishi ambao kwa kweli ulirudiwa katika kila foleni ya wikendi hiyo: Wakanda iko wapi?

Kijana mmoja aliyevaa shuka la Kimaasai begani alikuwa akimweleza mzee aliyesimama nyuma yake kwamba katika filamu ya mwaka 2016 ambamo T'Challa alionekana kwa mara ya kwanza, ramani iliiweka Wakanda karibu na Ziwa Turkana.

"Kwa hiyo ni kwetu," akasema mzee.

"Ni kwetu kabisa, mzee."

"Basi mbona hawasemi Kiswahili?"

Kijana alicheka, lakini alikuwa na jibu, kwa sababu shabiki wa kweli husoma. Alimweleza kwamba lugha wanayoisema ni Kixhosa cha Afrika Kusini, na kwamba ilianza na mwigizaji John Kani, aliyemwigiza baba yake T'Challa katika filamu ile ya kwanza na ambaye Kixhosa ndiyo lugha yake ya nyumbani. Mzee alisikiliza kwa makini, kisha akatoa uamuzi wake kwamba mfalme wa Turkana kusema Kixhosa si neno, mradi vita ashinde.

Naona kwamba wanaodharau ushabiki wa aina hii hawajawahi kusimama katika foleni kama ile. Chui Mweusi, yaani Black Panther mwenyewe, alibuniwa na Stan Lee na Jack Kirby mwaka 1966, Wamarekani wawili waliokuwa wakitengeneza vitabu vya katuni New York, na nchi yake haikuwahi kuwapo. Hilo watu wale walilijua vizuri. Walikuwa wanacheza, na mchezo wenyewe waliuchukulia kwa uzito wote, kama wanavyouchukulia mpira.

Saa tisa na robo

Ufunguo wa Ukumbi wa Tatu ukafika. Niliupakia kwenye seva, nikangoja alama ya kijani, nikaifungua filamu na kuiendesha kwa dakika chache ili kuhakikisha kwamba picha haikatiki. Meneja alipotangaza kwamba ukumbi wa ziada umefunguliwa, viti vyote vilikwisha kabla hata onyesho la saa kumi na nusu halijaanza. Filamu ya mapenzi ikahamishiwa Jumatatu mchana.

Hapo inafaa niseme neno kuhusu pesa. Katika wiki za mwanzo za filamu kubwa, sehemu nzito ya bei ya tiketi huenda kwa msambazaji, na hatimaye kwa studio. Jumba la sinema huishi kwa bisi na soda. Ndiyo sababu wenzangu wa kaunta walikuwa wakikimbia kuliko mtu yeyote siku ile, na ndiyo sababu pia mlinzi hukagua mikoba. Shabiki anayeficha chapati na kuku ndani ya mkoba hajui kwamba hamkomoi mwenye studio bali anatukomoa sisi.

Saa moja jioni

Jua linapotua Nairobi, Marekani ndiyo kwanza asubuhi, na makadirio ya mapato ya siku iliyotangulia huanza kutoka. Mkata tiketi wetu, ambaye ni shabiki kuliko wateja wake, alikuja mbio akiwa ameishika simu. Ijumaa peke yake filamu ilikuwa imeingiza takriban dola milioni 76 nchini Marekani na Kanada, na humo mna milioni 25 za maonyesho ya Alhamisi usiku. Rekodi ya wikendi ya uzinduzi kwa mwezi wa Februari, iliyowekwa mwaka 2016 na filamu ya Deadpool, ilikuwa dola milioni 132 kwa siku tatu, kwa hiyo ilikuwa wazi kwamba itavunjwa. Ikavunjwa: dola milioni 202 kwa siku tatu, na milioni 242 ukiongeza Jumatatu, ambayo kwao ilikuwa sikukuu. Mwishowe ilivuka dola milioni 700 huko kwao pekee, na bilioni 1.3 duniani kote, kwa filamu iliyotengenezwa kwa takriban milioni 200. Na Aprili mwaka huo huo, Saudia ilipofungua jumba la sinema mjini Riyadh baada ya marufuku ya zaidi ya miaka 30, filamu iliyoonyeshwa ilikuwa hii hii.

Watu walioingia saa moja na nusu walikuwa wamevaa kana kwamba wamealikwa arusini. Vitenge vilishonwa upya, vilemba vilipanda juu kiasi kwamba ilibidi wahudumu wawaombe kina dada fulani wavishushe kwa ajili ya waliokaa nyuma. Lupita Nyong'o alipotokea kwenye skrini ukumbi ulipiga vigelegele hadi maneno yake ya kwanza hayakusikika, na kumbi zote tatu zilipishana kwa dakika chache tu, kwa hiyo mimi juu niliusikia mlipuko ule ule mara tatu kupitia kuta. Kundi la Waganda katika Ukumbi wa Pili lilikuwa na zamu yake pia, kwa ajili ya waigizaji Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, na Daniel Kaluuya, ambaye wazazi wake ni Waganda.

Pigano la mwisho, niseme ukweli, sikulipenda. Watu wawili waliotengenezwa kwa kompyuta wanarushana gizani, na baada ya maporomoko yale ya maji linaonekana kama kazi ya haraka. Ukumbi haukukubaliana nami hata kidogo.

Saa nne kasoro usiku

Majina yalipoanza kupita, wahudumu wa usafi walikuwa wameshasimama mlangoni na fagio zao. Hawakuingia. Filamu hii ina vipande viwili vya ziada, kimoja katikati ya majina na kingine mwisho kabisa, na mashabiki hawanyanyuki. Wachache waliosimama kuwahi matatu walirudishwa vitini na watu wasiowajua: "Kaa chini, dada, bado!" Dada akakaa. Ratiba yetu ilikuwa imeacha dakika za kufagia kwa kudhani kwamba watu watatoka kama kawaida, na kwa kuwa hawakutoka, onyesho la saa nne na nusu lilianza likiwa limechelewa katika kumbi zote, na hakuna aliyelalamika.

Saa saba usiku

Baada ya onyesho la mwisho, mfumo wa tiketi hutoa ripoti: ukumbi, saa, idadi ya tiketi kwa kila bei, jumla kwa shilingi. Meneja huihakiki na kuituma kwa msambazaji usiku huo huo. Karatasi kama hizo kutoka majumba ya dunia nzima ndizo hujumlishwa kuwa ile namba ambayo mkata tiketi wetu aliikimbiza ngazini. Yetu haikuweza kuisogeza namba hiyo hata kwa desimali, lakini meneja aliikagua kwa makini yote ya mhasibu, akarudi nyuma kuuliza kuhusu tiketi za watoto za asubuhi, ndipo akaituma.

Kisha akaniambia kwamba Jumapili anataka onyesho la kwanza lisogezwe hadi saa nne kamili na filamu ibaki katika kumbi zote tatu, akauliza kama ninaweza kufika mapema zaidi. Nilimwambia kwamba ninaweza, mradi usiku ule nirudishwe nyumbani kwa teksi, kwa kuwa matatu za kwetu zilikuwa zimekwisha. Akaniitia gari.