Siku 21 huanza kuhesabiwa masjala

Ombi la habari likishapokelewa katika ofisi ya kaunti, iwe Kisumu, Nakuru au Kakamega, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya Kenya ya 2016 inaipa ofisi siku 21 za kujibu. Habari ikigusa uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Nyongeza ni mara moja tu, siku 14. Ofisi ikikaa kimya, huchukuliwa kuwa imekataa. Wengi huishia kwenye vifungu hivyo, lakini mimi nasisitiza kifungu cha 17, kinachotaka rekodi zitunzwe vizuri na ziweze kutumika. Faili lisipoonekana, hizo siku 21 hazimsaidii mwombaji wala ofisi.

Chukua faili la zabuni ya barabara. Barua ikiingia masjala, yaani ofisi inayotunza mafaili, hugongwa muhuri wa tarehe siku hiyo hiyo, huandikwa kwenye rejista, hutobolewa, hufungwa kwa uzi, kisha hupewa namba ya folio, yaani namba ya karatasi ndani ya faili, kwa wino, pembe ya juu kulia. Wino, si penseli: folio 14 ikichomolewa, pengo libaki likionekana. Zikikaribia folio 100, funga juzuu, andika tarehe kwenye jalada, fungua la pili. Faili lililonenepa hutanua matundu, na karatasi za chini huanza kuchanika, nako ndiko idhini ya mwanzo ilipo. Risiti za mashine hufifia, hasa kwenye joto kama la Kisumu. Zipige kopi siku ileile na uziambatishe pamoja.

Faili likitoka, pale rafuni pabaki kadi: nani kalichukua, lini, kwa kazi gani. Mengi yanayoitwa “yamepotea” yamo kwenye droo ya ofisa aliyehamishwa. Kupita meza kwa meza kila Ijumaa kunayarudisha. Kuskani hakuponyi hili. Nakala ya kompyuta isiyobeba namba ileile ya faili ni fujo ya pili.

Kinachoniuma zaidi ni masanduku ambayo kaunti zilirithi 2013 kutoka mabaraza ya zamani ya serikali za mitaa. Baraza limevunjwa, lakini karatasi zake za viwanja na kodi bado ni rekodi za umma, na Sura ya 19, sheria ya 1965 ya nyaraka za umma, hairuhusu kuzichoma kiholela. Andaa orodha ya aina ya rekodi, miaka na idadi ya masanduku, mwandikie Mkurugenzi wa Nyaraka za Kitaifa, subiri tathmini na idhini ya maandishi, kisha weka cheti cha uteketezaji kwenye faili la kudumu.

Mahakama zina Sheria yao ya Uteketezaji wa Rekodi, Sura ya 14. Hutangaza kwenye Gazeti Rasmi la Serikali miezi 3 kabla ya kuomba ruhusa ya Jaji Mkuu. Kama uliacha hati halisi kortini kama kielelezo, fuatilia matangazo hayo na udai ndani ya muda uliotajwa, kwa kuwa kielelezo kisichodaiwa huhesabiwa kuwa sehemu ya rekodi na huteketezwa nazo.